Bomba lipite juu kiasi gani kutoka ardhini? Pima haya kabla hujamwita fundi

Tunaelekea kiangazi na simu yangu imejaa maswali ya maji. Mwaka huu swali moja limejirudia mno: "Bwana shamba, hivi bomba lipitishwe juu kiasi gani kutoka chini?" Mmoja ana bomba la inchi tatu la kutoa maji mtoni kwenda kwenye vitunguu. Mwingine anajenga banda la kuoshea na kupanga nyanya. Mwingine kanunua tanki la lita 5,000 na anataka kulipandisha kwenye mnara. Wote wanataka niwatajie namba moja tu. Fundi wa kwanza kawaambia mita moja, wa pili futi mbili, wa tatu kasema laza chini, plastiki haiozi.

Namba moja haipo, kwa sababu hapo ndani kuna urefu wa aina tatu na watu wanauchanganya. Kuna urefu kutoka uso wa maji hadi kwenye pampu. Kuna urefu wa bomba lenyewe kutoka ardhini. Halafu kuna urefu wa tanki au wa mahali maji yanapotokea. Vijana wengi huniuliza huo wa pili, maana ndio unaoonekana kwa macho. Lakini unaoweza kukuacha umesimama mbele ya ekari tano za vitunguu vinavyokauka mwezi wa tisa ni huo wa kwanza. Kwa hiyo naanza nao, na nitakaa hapo kidogo.

Kutoka uso wa maji hadi kwenye pampu

Mwaka jana vijana wanne wa Ruaha Mbuyuni walikuja na karatasi ya makadirio kutoka kwa fundi. Walikuwa na mkopo wa kikundi wa halmashauri, ekari tano za kukodi, mashine ya petroli ya inchi tatu, na mita 300 za bomba la plastiki. Swali lao lilikuwa bomba likae mita moja juu ya ardhi au nusu mita, kwa sababu ya mbuzi. Nikawauliza, mashine itakaa wapi? Wakanionyesha juu kabisa ya ukingo, chini ya mti, sehemu nzuri yenye kivuli. Tukapima. Siku ile, mwezi wa sita, maji yalikuwa mita 4.2 chini ya pale. Mashine ingevuta bila shida, na fundi angelipwa na kuondoka.

Ila ukiangalia ukingo vizuri unaona alama. Mto ukishuka unaacha mstari wa udongo wenye rangi tofauti, na wazee wa pale wanajua maji hufika jiwe gani mwezi wa kumi. Tulipopima mpaka kwenye jiwe hilo tukapata mita 2.3 zaidi. Jumla mita 6.5. Sasa fikiria: kitunguu kinapojaza tumba ndipo kinahitaji maji ya uhakika, na ndipo mto unapokuwa umeshuka. Mashine iliyovuta vizuri mwezi wa sita inaanza kukohoa wakati ule ule ambao huwezi kukosa maji hata siku nne.

Lakini kwenye boksi la mashine si wameandika inavuta mita 8? Ndiyo, wameandika. Tuelewe namba hiyo inatoka wapi. Pampu haina mkono wa kushika maji na kuyapandisha. Kazi yake ni kutoa hewa ndani ya mpira, halafu hewa ya nje inayokandamiza uso wa mto ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, tuseme Tanga au Bagamoyo, hewa hiyo ina nguvu ya kusukuma maji mita 10.3 tu, hata ungekuwa na pampu ya dunia nzima. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na nguvu hiyo inapungua. Ruaha Mbuyuni, kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, unabaki na mita 9.7 hivi. Ilula, karibu mita 1,400, unabaki na kama 8.7.

Halafu toa makato, kama mshahara. Joto la maji linakula sentimita 30 hadi 40. Msuguano ndani ya mpira, kwenye chujio na kwenye futi valvu unakula kama mita moja, na zaidi mpira ukiwa mrefu au mwembamba. Pampu yenyewe inahitaji ibakiziwe mita 2 hadi 3 mlangoni kwake ili maji yasichemke kwa ubaridi na kutengeneza mapovu yanayotafuna feni ya ndani. Ukishakata yote hayo, Ruaha Mbuyuni unabaki na mita 5 na pointi kadhaa, na Ilula hata mita 5 hufikii. Ndiyo maana kwa vijana wangu nina kanuni ya kienyeji: bondeni usizidi mita 5, kule juu Ilula usizidi 4, ukipima kutoka maji ya mwezi mkavu kuliko yote. Zile mita 8 za kwenye boksi waachie walioandika boksi.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi hukipuuza. Mpira wa kuvutia upande moja kwa moja kutoka mtoni hadi kwenye mashine, bila kutengeneza nundu njiani. Ukiupitisha juu ya gogo halafu ukashuka tena kufika kwenye mashine, hewa inajikusanya pale juu ya gogo na mashine inapoteza maji kila siku. Utabadilisha futi valvu tatu na tatizo liko palepale. Mpira usiwe mwembamba kuliko mdomo wa mashine. Chujio lizame angalau nusu mita chini ya uso wa maji ili lisivute hewa, na liwe kama sentimita 30 juu ya sakafu ya mto ili lisinywe mchanga. Mto ukiwa na kina kifupi kuliko hapo, chimba kisima kidogo pembeni maji yajikusanye.

Vijana wale walishusha mashine kwenye ngazi ya chini ya ukingo. Wala hatukujenga. Tuliipandisha kwenye kitanda cha mbao chenye vishikio, watu wawili wanaisogeza, na mita 6 za mwisho za bomba ni mpira unaopinda. Mto ukishuka, mashine inaufuata. Mvua zikianza, inapandishwa juu jioni kabla ya kulala. Mwezi wa kumi tulipopima, mashine ilikuwa mita 3 kutoka kwenye maji na bado walikuwa wanamwagilia kwa zamu. Jirani yao wa upande wa juu, ambaye mashine yake ilijengewa zege kule kwenye kivuli, aliuza petroli iliyobaki.

Na hilo la zege lina upande wa sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuchota maji kwa mashine kunahitaji kibali cha kutumia maji, na kwetu huku kibali unakipata Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kijana anayelima kibiashara asisubiri kufukuzwa shambani zao likiwa katikati. Mashine ya kusogeza, na bomba linalovuka zile mita 60, vinakuondolea ugomvi mwingi.

Sasa bomba lenyewe: juu, chini, au limezikwa?

Hapa ndipo lilipo swali la watu. Jibu langu ni fupi: la plastiki lizike, la chuma liinue. Wala usilaze bomba lolote juu ya udongo kwa muda mrefu.

Turudi kwenye karatasi ya fundi wa wale vijana. Aliandika bomba lote lipite juu ya nguzo, urefu wa mita moja. Bomba la plastiki la milimita 90 likiwa limejaa linabeba kama lita 5 za maji kila mita, yaani kilo 5, bado uzito wake lenyewe. Juani plastiki inalainika, kwa hiyo linataka kushikiliwa kila baada ya mita 1 hadi 1.5, la sivyo linanesa kama kamba ya kuanikia nguo. Gawanya 300 kwa 1.5. Nguzo 200! Mia mbili za kukata, kuchimbia na kulinda mchwa. Fundi hakuziandika, aliandika "nguzo" tu, na idadi ingejulikana kazi ikiwa imeshaanza. Mtaro wa mita 300 unachimbwa na vijana wanne kwa jembe na sururu, tena kwa nguvu zao wenyewe.

Kina cha mtaro? Mimi nasema sentimita 60 kutoka juu ya ardhi hadi mgongo wa bomba. Jembe la trekta la sahani linaingia sentimita 20 hadi 30. Ukija kumleta mtu wa kuvunja tabaka gumu, chombo chake kinaweza kufika 45 au 50. Ukizika futi moja leo kwa sababu unalima kwa jembe la mkono, mwaka wa tatu umepanda daraja, umekodi trekta, na dereva anakukatia bomba sehemu sita kwa asubuhi moja. Nimeshuhudia shamba moja hivyo, na dereva hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo weka pia alama. Hata mawe yaliyopakwa chokaa kila mita 20 yanatosha.

Chini ya bomba tandika udongo laini sentimita 10 usio na mawe, na udongo wa kwanza wa kufukia uwe hivyo hivyo. Usifukie viungo kabla hujawasha mashine na kuangalia kila soketi ikiwa na presha. Bomba jeusi la rola ulilaze kwa mawimbi kidogo, kama nyoka, usilivute likanyooka. Sababu ni joto. Mita 100 za bomba hilo zikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi juani mchana, tofauti ya nyuzi 30, zinarefuka kwa zaidi ya nusu mita. PVC inarefuka kama sentimita 20. Chuma ni sentimita 3 na nusu tu. Bomba la plastiki lililonyooshwa mchana, usiku linajikunja na kung'oa viungo vyake lenyewe, halafu unamshuku jirani.

Chuma ni habari nyingine. Chuma kikilala kwenye udongo wenye unyevu kinaoza pale kinapogusana na ardhi, na huoni mpaka kitoboke. Kwa hiyo kiinue, na sehemu ya kawaida ya shamba sentimita 30 kutoka ardhini hadi tumbo la bomba zinatosha. Kwa nini 30? Mkono wenye spana upite chini yake. Mtu afyeke majani bila kugonga bomba. Upake rangi upande wa chini, ambao ndio unaoanza kutu. Ukiwa na koki ya kumwagia uchafu sehemu ya bondeni, ndoo iingie chini yake. Nguzo moja kila mita 3 inatosha kwa inchi tatu, yaani mbili kwa kila bomba la mita 6, na weka mojawapo karibu na kiungo. Klampu isibane kabisa. Bomba liteleze mbele na nyuma, lakini lisiruke juu. Kwenye kona mimina zege, maana ukifunga koki ghafla maji yanapiga kama nyundo na kona ndiyo inayopokea.

Je, ukiamua kupandisha zaidi ya hizo 30? Hapo nina msimamo na sibadilishi: ama bomba liwe chini ya goti, ama liwe juu ya kichwa. Katikati hapo ni kuumizana. Bomba la mita moja, lile la kwenye karatasi ya fundi, mtu hawezi kulivuka wala kupita chini yake. Atainama akiwa na gunia mgongoni, au atakanyaga juu. Watoto watalipanda. Na kule kwetu mizigo hubebwa kichwani. Vitabu vya viwandani vinataka nafasi ya kama mita 2.1 juu ya njia ya watu, lakini pima mama mwenye tenga la nyanya kichwani uone kama 2.1 inamtosha. Mimi naweka 2.5 kwenye njia ya kutolea mazao.

Moto pia usiusahau. Mwezi wa tisa na wa kumi watu wanachoma mashamba, na moto wa majani makavu unapita chini ya bomba la plastiki kwa dakika mbili tu. Zinatosha. Kama kuna sehemu huwezi kuzika, mfano kuna mwamba, weka kipande cha chuma hapo, au safisha majani mita mbili kila upande na ulipake plastiki rangi nyeupe kulikinga na jua.

Barabara na korongo

Kwenye barabara ya shamba, pita chini. Chimba mpaka mgongo wa bomba uwe sentimita 80 hadi mita 1 chini, na ulivishe bomba kubwa la nje, kama panga kwenye ala yake. Likipasuka unalichomoa na kuingiza jipya bila kukata barabara tena.

Kuna wanaopenda kupitisha juu, kwa mfano wa geti. Sawa, ila fanya hesabu yake kwanza. Trekta yenye kibanda inakaribia mita 3. Fuso iliyopakia matenga ya nyanya kwa tamaa ya dereva inapita 4. Pima gari refu kuliko yote yanayoingia kwako likiwa na mzigo, ongeza angalau nusu mita, na mara nyingi utajikuta kwenye mita 5 hadi tumbo la bomba. Watu wanaogopa kwamba pampu italipa hizo mita 5 kila siku. Si hivyo kabisa. Bomba likishajaa, maji yanayoshuka upande wa pili yanasaidia kuvuta yanayopanda. Tatizo ni wakati wa kuwasha, maana lazima yafike kileleni kwanza, na kileleni ndipo hewa inapojikusanya na kuziba njia. Bila valvu ya kutoa hewa pale juu utapata nusu ya maji na utailaumu mashine. Sasa jumlisha nguzo za chuma, zege, valvu, na siku ambayo dereva mgeni ataingia usiku. Mtaro wa mita 6 ni nafuu.

Korongo ndiyo sehemu pekee ambapo napenda bomba lipite juu, na juu kweli. Usiangalie korongo la kiangazi. Angalia takataka zilizonasa kwenye matawi na mizizi pembeni. Hapo ndipo mafuriko yalipofika. Tumbo la bomba likae angalau nusu mita juu ya alama hiyo, na mita moja ni bora zaidi, kwa sababu mafuriko hayaji maji matupu, yanakuja na magogo. Maji peke yake yangeweza kuliacha bomba salama, ila gogo likishalikamata, majani yanajazana nyuma yake, linakuwa bwawa dogo, na bwawa hilo linaondoka na bomba. Bomba moja zima la chuma la inchi tatu, mita 6, linaweza kuvuka bila nguzo katikati. Usiweke kiungo katikati ya korongo. Korongo likiwa pana zaidi, funga waya mnene wa chuma juu yake kutoka ukingo hadi ukingo na ulining'inize bomba kama daraja la kamba. Nguzo ndani ya njia ya maji, hapana.

Tanki

Hapa nitapita haraka. Kila mita 1 ya urefu inakupa presha ya bari 0.1, basi, hakuna muujiza. Vifaa vidogo vya matone vya bustani vinafanya kazi na tanki la mita 1 hadi 2. Mipira mingi ya matone ya shamba kubwa inataka bari 0.5 hadi 1, yaani mita 5 hadi 10. Pima kutoka kitako cha tanki hadi mstari wa matone ulio juu kuliko yote shambani, siyo hadi chini ya mnara. Na kumbuka lita 5,000 ni tani 5. Mnara wa mbao wa mita 5 wenye tani 5 juu yake ni kitu ambacho mimi silali karibu yake. Ilula na vijiji vya milimani mna vilima. Weka tanki kwenye kilima, juu ya ardhi imara, na ushushe bomba. Kilima hakidai nondo.

Banda la kuoshea na kuchanganyia dawa

Bandani sentimita 15 kutoka sakafuni zinatosha ili ufagio na maji ya kuoshea vipite chini. Usipitishe bomba juu ya meza ya kupangia mazao. Bomba la maji baridi hutoa jasho, na jasho hilo likidondoka kwenye matenga yaliyokwisha kupangwa ni mwanzo wa kuoza njiani kabla ya kufika sokoni.

Lakini urefu mmoja wa bandani ndio nataka mwende kuukagua leo leo. Ni pale bomba linapomimina maji kwenye pipa la kuchanganyia dawa. Nimekuta mashamba mengi mpira umezamishwa ndani ya pipa ili maji yasirushe povu. Pampu ikizima ghafla, maji yaliyo kwenye bomba yanarudi nyuma, na yanavuta mchanganyiko wa dawa pamoja nayo hadi kisimani au mtoni. Watu wa chini wanachota maji hayo ya kunywa. Mdomo wa bomba uishie juu ya ukingo wa pipa, angalau mara mbili ya upana wa bomba. Bomba la inchi mbili, yaani sentimita 5, liishie sentimita 10 juu ya ukingo wa pipa, siyo juu ya kiwango cha maji ya siku hiyo. Lifunge na chuma palepale, ili kibarua asiweze kulishusha hata akitaka.

Namna ya kupima

Huhitaji chombo cha gharama. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10, ujaze maji, toa mapovu yote. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja siku zote. Kupima ukingo wa mto, shuka kwa ngazi: mmoja anashika ncha juu usawa wa ardhi, mwingine anashuka mpaka maji ya ncha yake yawe usawa wa kichwa chake, anapima kutoka hapo hadi miguuni kwa futi, anaandika. Kisha hapo alipokanyaga panakuwa mwanzo mpya, hadi mfike kwenye maji. Jumlisha. Kazi ya nusu saa.

Mkiandikiana na fundi, muandike maneno "tumbo la bomba". Mafundi wengi hupima hadi katikati ya bomba, wewe unafikiria chini yake, na kwenye inchi nne tofauti hiyo ni sentimita 5 na nusu. Kwenye ile 15 ya bandani hiyo ni zaidi ya theluthi, na ufagio haupiti tena.

Anayetaka nimsaidie kabla hajanunua, anitumie namba hizi: mita kutoka mashine itakapokaa hadi maji ya mwezi wa kumi, urefu wa laini yote, aina na upana wa bomba, urefu wa gari kubwa linaloingia shambani likiwa na mzigo, na picha ya korongo kama lipo, ionyeshe takataka kwenye matawi. Za Ilula na Mtandika nitazipitia Jumatatu, za Ruaha Mbuyuni Jumatano nikiwa huko.